Dawa Isiyovumilia Safari

Mtu aliyekulia Tukuyu, wilayani Rungwe, kwenye nyumba yenye ng'ombe hahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba ng'ombe anaweza kukunyima maziwa. Wa kienyeji, na machotara wengi pia, hawashushi mpaka ndama aguse chuchu. Unamwachia anyonye kidogo, unamvuta, unamfunga karibu na kichwa cha mama yake ili amlambe, ndipo unachuchumaa na ndoo. Mbwa akibweka, au akaja mgeni mwenye sauti kubwa, maziwa yanakatika, na hata ukamue kwa nguvu gani hayarudi. Mama yangu alikuwa mpole katika mambo yote isipokuwa kelele za bandani saa ya kukamua.

Nilipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya tisini, mhadhiri alichora habari hiyohiyo ubaoni kwa mishale. Ulimi wa ndama unaamsha mishipa ya fahamu ya chuchu, taarifa inapanda hadi kwenye ubongo, tezi iliyoning'inia chini ya ubongo inamwaga homoni iitwayo oksitosini, na homoni hiyo inakwenda na damu hadi kwenye kiwele na kuvibana vifuko vya maziwa. Hofu huleta adrenalini, na adrenalini hufunga njia. Wenzangu walikuwa wananakili. Mimi nilikuwa namwona mama akirusha gongo kwa mbwa wa jirani. Kisha mhadhiri akaongeza, kama jambo dogo, kwamba homoni hiyo ndiyo inayobana mfuko wa uzazi wa mwanamke anapojifungua, na ndiyo ambayo wauguzi humchoma, ile tunayoiita sindano ya uchungu. Kitu kimoja kinashusha maziwa ya ng'ombe wa Rungwe na kusukuma watoto duniani. Nilitoka darasani nikiwa nimeshajua nitasoma nini, ingawa ilinichukua muda kukiri mbele ya baba, aliyetaka niwe daktari wa kutibu watu.

Oksitosini ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, vitu vilevile vinavyojenga protini za nyama na maharage. Ina asidi amino tisa tu. Ifikirie kama shanga zilizotungwa: punje ya kwanza na ya sita zina salfa, na salfa hizo mbili zimeshikana, kwa hiyo punje sita zinakuwa pete na tatu zilizobaki zinaning'inia nje. Badilisha punje ya tatu na ya nane, na unapata vasopresini, homoni nyingine, inayoziamuru figo zisimwage maji. Punje mbili tu zinatosha kugeuza kazi ya mfuko wa uzazi kuwa kazi ya figo.

Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aliona kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye ile tezi ya chini ya ubongo yanabana mfuko wa uzazi wa paka. Karibu nusu karne ilipita kabla Vincent du Vigneaud na wenzake wa Cornell, jijini New York, hawajaujua mpangilio wa zile asidi amino tisa na kuziunganisha wenyewe maabara, mwaka 1953. Ilikuwa mara ya kwanza binadamu kujenga homoni ya aina ya peptidi, na mwaka 1955 du Vigneaud akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Ninachokipenda ni namna walivyohakikisha kwamba walichojenga ndicho: waliichoma kwa mama aliyetoka kujifungua, kiasi cha maikrogramu moja hivi, sehemu moja ya milioni ya gramu, na maziwa yakashuka ndani ya nusu dakika. Vipimo vyote vya kemia vilikuwa vimekwisha kupita, na bado neno la mwisho lilisemwa na titi.

Nilikwenda Uppsala, Sweden, kwa ufadhili wa Waswidi uliosomesha Watanzania wengi wa rika langu. Kazi niliyopewa ilikuwa kutengeneza peptidi kwa njia ya Bruce Merrifield, Mmarekani aliyeitangaza mwaka 1963 na kupata Nobel yake mwaka 1984. Wazo lake ni rahisi mpaka unashangaa kwa nini halikumjia mtu mapema: usiuache mnyororo uelee kwenye kimiminika, ufunge mkia wake kwenye chembe ndogo za plastiki. Sasa unaweza kuongeza asidi amino moja, ukaosha taka zote, ukaongeza nyingine, ukaosha tena, na mnyororo haukuponyoki kwa sababu umeshikwa.

Kila baada ya hatua unachota chembe chache, unaziweka kwenye kijineli cha kioo, unadondosha ninihidrini, unapasha moto. Zikibaki za njano, kila mnyororo umepata mwenzake. Zikigeuka buluu, kuna minyororo iliyobaki wazi, na unarudia. Nilianza kuichukia rangi ya buluu hata kwenye vitambaa. Sababu ni hesabu. Peptidi ya asidi amino 29 ina maungio 28. Kama kila ungio linashika kwa asilimia 95, ambayo mwanafunzi yeyote wa kemia angeifurahia, mwishoni minyororo iliyo kamili haifiki hata robo. Likishika kwa asilimia 99, unapata robo tatu. Ujuzi wote wa mtu wa kazi hii umebanwa katikati ya 95 na 99. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu hivyo, wakadhani natania.

Ukimaliza kutunga unaukata mnyororo kutoka kwenye plastiki kwa asidi kali, ukiwa umetia ndani yake kemikali za salfa zinazonuka kabichi iliyooza. Harufu inaingia kwenye nywele. Ndani ya basi la jioni watu waliniachia kiti na cha pembeni yake, na kwa Waswidi, ambao hata bila harufu hawapendi kukaa karibu, sikuwa na hakika ni mimi au ni desturi. Baada ya kusafisha na kukausha kwa baridi unabaki na unga mweupe mwepesi. Ukipumua karibu unapeperuka, na miezi ya kazi inaondoka nao.

Lakini unga hausemi kitu. Kujua ni kitu gani lazima uupeleke kwa kiungo cha mwili. Tulikuwa tunachukua kipande cha mfuko wa uzazi wa panya, kifupi kuliko kidole kidogo, tunakifunga uzi juu na chini, tunakitundika ndani ya chupa ya maji ya chumvi yaliyopashwa joto, viputo vya oksijeni vikipita kando yake. Uzi wa juu umeshikamana na kipimo, na kipimo kinachora. Kipande kile kimetengwa na mwili, hakina ubongo wa kukiamuru, na bado kinajibana chenyewe, taratibu, kikiacha mawimbi kwenye karatasi. Unadondosha tone la dawa. Mawimbi yanapanda, yanakaribiana, mengine yanagusana hata kipande hakipati nafasi ya kulegea. Unaosha, kinatulia. Nilikuwa nikiangalia jinsi kinavyotulia kuliko kinavyobana, bila kujua bado kwa nini.

Wakati huo, kwenye ghorofa moja na sisi, kulikuwa na watu waliokuwa wakichuma violeti, maua madogo ya kandokando ya barabara za Ulaya, na kukuta ndani yake peptidi za ajabu: hazina mwanzo wala mwisho. Kichwa kimeunganishwa na mkia. Nilipouliza ya kwanza ilitoka wapi, nikaambiwa Kongo.

Lorents Gran, daktari wa Norway, alikuwa Kongo miaka ya sitini kwenye msafara wa Msalaba Mwekundu. Akaona kwamba baadhi ya wanawake walikuja kujifungua wakiwa na uchungu mkali mno, mfuko wa uzazi umebana kupita kawaida. Walikuwa wamekunywa chai. Ilikuwa ni mmea uitwao kalata-kalata, wa jamii moja na kahawa, uliochemshwa majini ili kuharakisha uzazi. Gran aliuchukua mmea huo hadi Norway, akaufanyia majaribio kwa kipande cha mfuko wa panya, uleule uzi na ileile chupa, na miaka ya sabini akatangaza kwamba kinachobana ni peptidi. Aliiita kalata B1. Hapo mkemia yeyote angetikisa kichwa. Peptidi ukiichemsha inaharibika. Ikiokoka kwenye sufuria, tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari hachemshi insulini akainywa. Ilibidi kusubiri hadi 1995 ndipo umbo lake lijulikane, kazi iliyowaunganisha Wanorwe na David Craik wa Australia: asidi amino 29, ncha zimeshonwa pamoja, na vifungo vitatu vya salfa, viwili vikifanya duara na cha tatu kikipita katikati ya duara hilo. Ni fundo. Baadhi ya vimeng'enya vya tumboni huanza kutafuna nchani, na hapa ncha haipo; vinavyokata katikati vinazuiwa na fundo. Maji ya moto hayafungui fundo.

Mmea wenyewe haukujitengenezea fundo kwa ajili ya wazazi. Mwaka 2001 kundi la Craik lilionyesha kwamba viwavi wanaolishwa kalata B1 hawakui. Ni silaha ya jani. Na mwaka 2013 Christian Gruber na wenzake wa Vienna walionyesha kwamba ndugu yake, kalata B7, hushika kipokezi kilekile cha oksitosini kwenye mfuko wa uzazi. Wale wanawake wa Kongo hawakuwa wakibahatisha.

Nikiwa bado masomoni Uppsala, nilirudi likizo na hadithi ya kalata-kalata mdomoni. Shangazi yangu alikuwa mkunga wa jadi upande wa Masoko, na nilidhani nitamfurahisha.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ndaga kwa kuja. Hebu niambie, miaka yote hii kwa wazungu unasomea nini?"

"Dawa ya uchungu, shangazi."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Uchungu umeanza kusomewa? Si ndio uliokutoa wewe?"

Nikamsimulia kalata-kalata, fundo, panya, Norway. Alinisikiliza kwa adabu aliyowapa wageni wa kanisani. Kisha akaanza kuuliza. Walichemsha majani au mizizi? Kwa muda gani? Kikombe kimoja au sufuria nzima? Mtoto wa kwanza au mwanamke aliyekwisha kuzaa? Sikuwa na jibu hata la swali moja, kwa sababu kwenye makala nilizosoma wachemshaji wenyewe walitajwa kwa jumla tu. Nikamgeuzia: yeye mwenyewe anatoa dawa?

"Nilikuwa natoa. Siku hizi nawapeleka hospitali, Makandana, uchungu uwe mdogo uwe mkubwa."

"Kwa nini uliacha?"

"Dawa ikishaingia tumboni nitaitoaje?"

Nilisafiri na swali hilo hadi Sweden. Kwenye maabara yetu kila mtu alikuwa anatafuta namna ya kuimarisha peptidi: kufunga ncha, kuongeza fundo, kubadilisha asidi amino ili kimeng'enya kisiitambue. Uimara ulikuwa ndio sifa. Shangazi aliona upande mwingine wa shilingi. Mfuko wa uzazi unaobana bila kulegea unamkatia mtoto hewa, na ukizidi unapasuka. Wauguzi wa Tanzania nzima wanajua kwa nini wanamuuliza mzazi kama amekunywa mitishamba kabla ya kuja. Oksitosini ya hospitali inaingia kwa dripu, tone kwa tone, na mwili unaila haraka: katika dakika chache nusu yake imekwisha. Mawimbi yakizidi, muuguzi anafunga dripu na mfuko unalegea. Hicho ndicho nilichokuwa nakiangalia kwenye chupa ya maji ya chumvi. Udhaifu wa oksitosini ndani ya damu ndio unaomlinda mzazi. Chai haina bomba la kufunga.

Tangu hapo sikuweza tena kuzungumzia uimara wa dawa bila kuuliza ni imara wapi.

Niliporudi nyumbani kufundisha, nilikuta swali hilo likinisubiri kwa sura nyingine. Sitasema mengi juu ya kufanya kemia ya peptidi mahali ambapo umeme unakatika; aliyewahi kupoteza vitu vya friza nzima anajua, na asiyejua hatasaidika na malalamiko yangu. Mzigo wangu mmoja wa asidi amino, ulioandikwa kwa herufi nyekundu utunzwe kwenye baridi, ulikaa kwenye ghala lenye paa la bati mpaka nilipoupata ukiwa umeganda mabonge. Niliacha kutengeneza, nikaanza kupima. Vipimo vinahitaji vitu vichache, na Tanzania ilikuwa imejaa peptidi ambazo hakuna aliyekuwa akiuliza hali yake.

Oksitosini inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ikipata joto, kifungo chake cha salfa kinaanza kubadilisha washirika, molekuli moja inashikamana na nyingine, na hazibani tena. Balaa ni kwamba kichupa hakibadiliki. Maji yako safi kama mwanzo, hakuna harufu, hakuna mashapo. Kitakachomjulisha muuguzi ni mwanamke aliyekwisha kuzaa, kondo la nyuma limetoka, na mfuko haushiki. Anachoma nyingine. Damu haisubiri. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kumaliza mtu mzima katika muda wa saa mbili, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka kila mzazi achomwe uniti 10 mara tu mtoto anapotoka, bila kusubiri kuona.

Watu wa Tukuyu wana hoja yao, nami nimeisikia kwa wataalamu na wasio wataalamu: huku kwetu ni baridi. Ni kweli. Mji uko kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, asubuhi unavaa sweta, na chai ya Katumba haioti kwenye joto. Kwenye zahanati niliyozoea kuitembelea, friji la gesi lilikuwa la chanjo, na kasha la oksitosini lilikaa kabatini pamoja na pamba. Lakini kichupa hakizaliwi Tukuyu. Kimeshuka Dar es Salaam, kimepita Morogoro na Mikumi, kimesafiri zaidi ya kilomita 800 kabla ya kuliona sweta la mtu. Na kinachoshuka zaidi, kwenda Kyela kando ya Ziwa Nyasa, kinarudi tena kwenye joto. Kemia hujumlisha. Baridi ya Tukuyu haifuti joto la Morogoro.

Dawa ya jambo hilo imekuja kutoka kwenye kemia ileile niliyofunzwa. Kabetosini ni oksitosini iliyofanyiwa ufundi: salfa moja kati ya mbili imeondolewa na kaboni kuwekwa mahali pake, kwa hiyo kile kifungo kilichokuwa kinabadilisha washirika hakipo tena, na asidi amino nyingine imerekebishwa kidogo. Hata hiyo mwanzoni ilitunzwa kwenye friji, mpaka ilipochanganywa upya na viambato vinavyoiwezesha kukaa kwenye nyuzi 30. Matokeo ya jaribio lake kubwa yalitoka mwaka 2018: wanawake karibu 30,000, nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwemo. Katika kuzuia damu, ilikwenda sambamba na oksitosini iliyotunzwa vizuri. Na hilo, ukiangalia, ni jaribio la haki kwa oksitosini kuliko inavyotendewa na barabara zetu, kwa maana huko hospitalini ilikuwa kwenye friji kama inavyotakiwa.

Ila kabetosini ni imara pia ndani ya damu. Hukaa muda mrefu zaidi, nusu yake ikichukua kama dakika arobaini kuisha, na haifungiki kama dripu. Baada ya mtoto kutoka, hiyo ni neema. Mtoto akiwa bado ndani, ni ile chai ya Kongo ndani ya kichupa. Haitumiki kuanzisha uchungu wala kuuongeza.

Nilieleza hayo kwa wauguzi wa zahanati ile, kwenye benchi la nje, kukinyesha. Tulikuwa tumekwisha kukubaliana juu ya kasha la oksitosini kuhamia kwenye friji la chanjo. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri hivyo, maadamu makasha yasichanganyike. Muuguzi mmoja, mkubwa kwangu kwa umri, aliyezalisha nusu ya watoto wa kata, akainua mkono.

"Dokta, hiyo mpya ikija tutakuwa na mbili. Moja ya kabla na baada, nyingine ya baada tu. Zote sindano, zote maji, zote za uchungu. Nani atamweleza wa zamu ya usiku?"

Nikamwambia waandike kwa wino mzito juu ya kasha.

"Usiku umeme ukikatika tunatumia tochi ya simu, na kasha limeshatupwa, kimebaki kichupa mkononi," akasema. "Waambie hao watengenezaji wakipake rangi."